Cheti cha BLS cha mtandaoni tupu, na kile kinachodai uiweke mikono kifuani

Wauguzi na matabibu wengi wanaoomba kazi Saudia, Qatar au katika hospitali binafsi za Nairobi na Dar es Salaam hudaiwa cheti cha BLS, yaani huduma ya msingi ya kuokoa maisha, na wanaohudumia wagonjwa mahututi huongezewa ACLS, ile ya juu zaidi kwa mgonjwa ambaye moyo wake umesimama. Si ajabu basi kwamba matangazo ya vyeti vinavyopatikana kwa muda mfupi, bila kutoka nyumbani, yanapata wateja. Nilinunua kimoja cha aina hiyo kutoka kwa kampuni ambayo sitaitaja, na baadaye nikasoma HeartCode BLS, kozi ya American Heart Association, shirika la Marekani la afya ya moyo, hivyo naweza kuzipima huduma hizo mbili kwa pamoja.

Kozi ya mtandaoni tupu, kwa haki yake, imeandikwa kwa usahihi. Viwango ni vile vinavyofahamika: kukandamiza kifua cha mtu mzima mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha angalau sentimita 5 kisichozidi 6, mikandamizo 30 kwa pumzi 2, bila kusita zaidi ya sekunde 10. Sehemu ya ACLS inaeleza kwa lugha nyepesi kwa nini moyo unaotetemeka ovyo pasipo kusukuma damu hushtuliwa kwa umeme, ilhali mgonjwa ambaye mstari wa moyo wake umelala kabisa hahitaji umeme bali mikandamizo pamoja na adrenalini miligramu 1 kila baada ya dakika 3 hadi 5. Muuguzi wa wodi ya kawaida, ambaye hazioni grafu za moyo kila zamu, atanufaika na maelezo hayo.

Tatizo ni mtihani. Ukikosea swali, ukurasa unakuonyesha jibu sahihi, kisha unakuruhusu kurudia papo hapo maswali yaleyale kwa mpangilio uleule, na video zote unaweza kuzisukuma hadi mwisho bila kuzitazama. Mara tu malipo yalipokamilika, cheti kiliingia kwenye barua pepe kikiwa na nembo ya rangi ya dhahabu na maneno kwamba mwenye nacho amethibitisha umahiri wa kumhudumia mgonjwa ambaye moyo wake umesimama. Umahiri huo ulithibitishwa na nani, wakati hakuna mtu wala chombo kilichoiona mikono yangu?

HeartCode nayo huanzia mtandaoni, lakini kumaliza masomo ya kwenye skrini hakukupi kadi. Ni lazima uende ukafanye vitendo mbele ya mkufunzi au kwenye sanamu yenye mitambo ya kupima. Hapo ndipo fedha yako inapofanya kazi. Mtu anayekandamiza kwa nguvu huku ameegemea kifua hugundua kwamba hakiachi kirudi juu kikamilifu, na kwamba mikono inalegea kabla hazijatimia dakika 2 za kumpokeza mwenzake zamu ya kukandamiza. Mfuko wa ambu, ule wa kubinya ili kumpulizia mgonjwa hewa, ndio unaoumbua wengi: kidole gumba na cha shahada vibane barakoa usoni, vidole vitatu vilivyobaki vinyanyue taya, na vyote hivyo vikifanywa nusunusu hewa huvujia shavuni na kifua hakipandi. Mtihani wa kuchagua jibu hauwezi kuliona jambo hilo.

Hata hivyo, HeartCode siisifu bila masharti. Malipo hutozwa mara mbili katika vituo vingi, ya masomo na ya vitendo, na tabibu aliye Sumbawanga au Lodwar hubeba pia gharama ya safari ya kukifuata kituo. Tena kadi yake hudumu miaka 2, muda ambao kwangu ni mrefu mno kwa stadi ya mikono. Ushahidi wa karibu tunao katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, ambako wakunga walifundishwa kuwasaidia watoto wachanga kupumua chini ya mpango wa Helping Babies Breathe. Mafunzo ya siku moja yaliwafanya wafanye vyema zaidi kwenye sanamu, lakini hayakubadilisha huduma katika chumba cha kujifungulia. Vifo vya watoto vilipungua baada ya hospitali kuanzisha mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini.

Kwa hiyo kozi ya mtandaoni tupu ningeinunua kwa marudio tu, kama ni ya bei nafuu, na ningemshauri anayetafuta ajira alipie HeartCode. American Heart Association haitoi kadi ya BLS wala ya ACLS kwa aliyesoma mtandaoni peke yake, na kadi zake za kielektroniki zina msimbo ambao mwajiri huuhakiki kwenye tovuti yao. Kabla ya kulipa popote, muulize muuzaji vitendo vinafanyikia wapi na nani anavisimamia; akikujibu kwamba havihitajiki, tafuta kituo kingine.