Bega limeganda, nimetibiwa fiziotherapia ya mikono hapa Mbeya: uzoefu wangu

Naandika hii kwa ajili ya mafundi cherehani wenzangu na yeyote ambaye bega limemkatalia kunyanyuka. Mi nashona Mwanjelwa miaka mingi. Bega la kulia lilianza kuuma usiku, ukililalia tu unaamka, halafu taratibu likaacha kwenda kabisa, zipu ya mgongoni sifungi, mtoto simsuki nywele, uzi wa shelfu ya juu mpaka nipande stuli, na baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba ndo usiseme. Nilishapaka kila dawa ya kuchua, nikameza vidonge, nikapelekwa kwa mzee anayenyoosha viungo akauvuta mkono kwa nguvu zake zote, baada ya pale nikalala na maumivu siku nyingi na oda za watu zimelala. Kwa hiyo niliposikia fiziotherapia ya mikono, yaani mtaalamu anakutibu kiungo kwa kukisukuma na kukibonyeza kwa mikono yake, nilijua ni yale yale.

Siyo yale yale jamani.

Yule mtaalamu (kijana tu, rika la mwanangu wa kwanza, ananiita mama) hakunigusa mapema. Alinihoji kwanza: niliwahi kuanguka, napata homa, napungua uzito, nina ganzi vidoleni, nina kisukari? Akanituma nikapime sukari kwa sababu wenye kisukari wanapata bega kuganda kuliko watu wengine, na kwa kawaida linawashika watu wa miaka 40 mpaka 60, wanawake zaidi. Halafu akaniambia ninyanyue mkono mwenyewe, nikaishia usawa wa kifua, kisha yeye akaunyanyua huku mi nimelegea, ukakwama palepale! Akasema ingekuwa ni msuli tu umechoka yeye angeufikisha mbali kuliko mimi, ila hapa ni kile kifuko kinachozunguka kiungo kimekakamaa. Akabana kiwiko changu ubavuni akageuza kiganja kwenda nje, wa kushoto unaenda vizuri, wa kulia hata nusu haufiki, na huko kugeuka nje ndo huwa kunapotea kwanza.

Sasa mikono yenyewe. Nimelala chali, mkono mmoja ameushikilia wa kwangu usielemee, mwingine ameuweka juu karibu kabisa na kiungo, anasukuma ule mfupa kuelekea miguuni, visukumo vidogo vidogo vya mdundo mmoja, kama unavyobembeleza droo ya cherehani ya zamani iliyovimba kwa unyevu, ukiivuta kwa hasira inazidi kubana. Nilimuuliza mbona havuti. Akanieleza kwamba kusukuma huko kuna madaraja toka la 1 hadi la 4, yaliyopangwa na Geoffrey Maitland, mtaalamu wa Australia, la 1 na la 2 hayafiki pale panapokwama, hayo ni ya kutuliza maumivu, la 3 na la 4 ndo yanaenda mpaka mwisho kulegeza ukakamavu. Mtu ambaye bado halali usiku haanziwi na la 4. Hapo nikamkumbuka yule mzee wangu.

Maumivu ya usiku yalipopungua akaniongezea namna ya Brian Mulligan wa New Zealand, yaani yeye anausogeza mfupa kidogo na kuushikilia hapohapo wakati mimi mwenyewe nanyanyua mkono, na sharti lake isiume, ikiuma anabadili mwelekeo au anaacha. Kilichouma kweli ni kubonyezwa vile vifundo vya misuli, kuna kimoja ndani kabisa ya kwapa akikigusa naisikia mpaka kwenye kifundo cha mkono. Siku ya pili bega linauma kama lina kidonda kwa ndani, akasema likitulia ndani ya siku moja hamna shida, lisipotulia nimwambie apunguze, na mara moja nilimwambia, akapunguza kweli.

Ila bila mazoezi ya nyumbani mikono yake peke yake isingetosha, hili nalisema wazi. Mpini wa ufagio unausukuma mkono mbovu kwenda nje, vidole vinapanda ukutani, khanga unaipitisha mgongoni mkono mzima unauvuta mbovu juu taratibu. Nafanya asubuhi kabla sijafungua kibanda na jioni. Saa hivi nalala usiku kucha, uzi naufikia, zipu bado kidogo. Na bega lililoganda hata bila tiba huwa linaachia lenyewe kwa mwaka mpaka mitatu hivi, kwa hiyo siwezi kusema kila kitu ni mikono yake, ila usingizi wangu ulirudi wiki zile zile alizoanza kunishika, na mi kwa hilo tu namwambia ndaga, asante kwa Kinyakyusa.

Nililochukia ni moja, chumba hakina pazia. Unavua blauzi pale na wagonjwa wengine wanapita, hii siyo sawa kwa mama mtu mzima, nimewaambia na nitawaambia tena. Foleni nayo ndefu, nenda mapema.

Kama mfupa ulishawahi kuvunjika, una saratani au mifupa yako imekuwa dhaifu, sema kabla hujaguswa maana kuna namna za kusukuma hazikufai kabisa. Na ukiwa na maumivu ya mgongo, halafu miguu yote inakufa ganzi au mkojo unakuponyoka, hiyo siyo ya fizio, wahi hospitali siku hiyo hiyo. Kwa bega, vaa kisibau au blauzi isiyo na mikono, na beba majibu yako ya sukari.