Kipima oksijeni kipya bwawani, miezi saba sasa (Mlingotini, Bagamoyo)

Wafugaji wenzangu habari zenu. Nafuga mwatiko huku Mlingotini, mabwawa mawili nyuma ya mikoko, na anaefuga anajua saa mbaya ni alfajiri, ule ukijani wa majini usiku kucha nao unavuta oksijeni hiyo hiyo, ukichelewa unakuta samaki wako juu wanahema.

Kipima cha kwanza nilichukua duka moja Dar, bei poa, ndani ya wiki tano namba zake zikaanza kuhama. Sikuelewa mpaka fundi akanifungulia ile kofia ya mbele. Humo ndani kuna rangi, taa ya bluu inaipiga inawaka wekundu, oksijeni ikiwa nyingi ule wekundu unafifia, mashine inapima hapo. Sasa rangi yenyewe ilikuwa imechanganywa tu kwenye plastiki, haijashikana na kitu, inatoka na maji kidogo kidogo, na rangi ikipungua wekundu nao unapungua halafu mashine inadhani oksijeni ipo tele!! Yani inakwambia lala wakati samaki wanakufa. Hilo liliniuma sana.

Hiki kipya rangi yake imefungwa kikemia. Molekuli ya rangi imepewa mkia wenye silikoni, ule mkia unaungana na tabaka la kioo kupitia oksijeni, silikoni-oksijeni-silikoni, muungo ule ule unaoshikilia kioo chenyewe. Mama zetu wanalijua hili kwenye khanga, kuna inayochuja beseni zima likawa jekundu na kuna isiyochuja, maana tangu 1956 Waingereza walipotoa rangi zinazoungana na uzi wa pamba wenyewe kuna rangi haikai juu ya kitambaa tena, inakuwa sehemu ya kitambaa.

Miezi saba ndani ya maji chumvi na kila nikikirudisha kwenye hewa yenye unyevu kukikagua kinasoma kilekile au tofauti ndogo sana. Ila wekeni kiwango cha chumvi kwenye mashine jamani, maji ya bahari ya nyuzi 30 yakishiba hewa ni kama miligramu 6.2 kwa lita, ukiiacha kwenye mpangilio wa maji yasiyo na chumvi itakuonyesha 7.5 na ushee.

Mabaya yapo. Ule utelezi wa kijani unaganda juu ya kofia vilevile, nafuta kila siku tatu kwa kitambaa laini, kufungwa kikemia hakusaidii hapo. Jua kali nalo linaua rangi hata iwe imefungwa vipi, kwahiyo kikitoka majini kivalisheni kifuniko chake. Jiki na spiriti msiguse kabisa. Na bei, laki nane na nusu, ni kubwa kwa mtu wa bwawa moja, labda mchange watatu wanne mzungushe.

Kofia ya akiba Bagamoyo hamna, agizeni mapema, mimi yangu nimeisubiri wiki sita.