Nyota Tano za Simuni, Mimi Nazipa Tatu

Safari hii sipimi mgahawa. Napima kile kinachotupeleka huko, yaani nyota na maoni ya kwenye simu. Unafungua ramani, unaandika "mgahawa", yanakuja majina na namba pembeni, 4.3, 4.6, 3.9, na kabla hujamaliza kukuna kichwa umeshawapitisha hawa na kuwatupa wale, wote hujawahi kuonja hata kijiko chao. Nilikuwa mhudumu wa mezani kwa miaka kadhaa kabla sijaingia kazi ya ofisini, kwa hiyo nyota hizi nimeziona zikitua nikiwa upande wa jikoni, na sasa naziangalia nikiwa upande wa mwenye njaa. Mwenye haraka aondoke na hukumu yangu mapema: tatu kati ya tano. Zinafaa sana kwa mambo ambayo wengi hawahangaiki kuyatazama, na zinapwaya kwenye lile moja ambalo kila mtu anazikimbilia.

Nianze na sifa zake, maana zipo, na kubwa kuliko zote ni picha. Zile za mwenye mgahawa ziache, hizo zimepigwa sahani ikiwa imefutwa kingo kwa kitambaa na taa imetegwa pembeni. Kazi hiyo nimeifanya, nimesimama nikishika karatasi nyeupe ya kumulikia sahani huku chakula kinapoa. Zitafute za wateja, zilizopigwa haraka haraka, zimetikisika, kidole kimeingia kwenye kona. Hizo hazina hila. Mama yangu anatembea na mkongojo, na ngazi tatu za mlangoni kwake ni shughuli nzima. Kuna mahali nilipokuwa nataka kumpeleka, nikasoma maoni mpaka macho yakachoka, hakuna hata mmoja aliyegusia mlango. Ila mtu alikuwa amepiga picha ya mtoto wake akikata keki, na nyuma ya keki zikaonekana ngazi, tena hazina mahali pa kushika. Ikanitosha, nikatafuta kwingine. Kwenye picha za namna hiyo utaona pia meza zimebanana kiasi gani, viti vina egemeo au la, mwanga unatosha kusomea menyu, na menyu yenyewe mara nyingi imepigwa ukurasa kwa ukurasa na mtu mwenye subira kuliko mimi. Angalia tu picha ni ya lini, kwa sababu bei hazimngoji mtu.

Saa za kufungua na namba ya simu nazo ni msaada, mradi upige kuhakikisha. Siku za sikukuu usiziamini kabisa.

Tukija kwenye namba yenyewe ndipo mambo yanapoharibika. Hiyo 4.2 ni wastani wa nini? Mmoja ametoa nyota moja kwa sababu hakupata pa kuegesha gari. Mwingine ametoa tano kwa sababu mhudumu alimwimbia mtoto wake. Wa tatu chakula kilimkaa vizuri lakini choo kilimchefua, akagawa katikati, tatu. Vyote vinatiwa chungu kimoja, vinakorogwa, kisha wewe unaonjeshwa mchanganyiko. Sasa wewe unayetaka kujua tu kama mpishi anaijua chumvi, utaionea wapi kwenye namba hiyo?

Waliotutangulia walilijua tatizo hili. Michelin, kampuni ya matairi ya Ufaransa, ilitoa mwongozo wake wa kwanza mwaka 1900 na kuugawa bure kwa wenye magari, ili watembee zaidi na matairi yalike zaidi. Nyota zilianza mwaka 1926, ikiwa moja peke yake, na mwaka 1931 zikaongezwa ya pili na ya tatu. Moja ni mgahawa mzuri sana wa aina yake, mbili ni mgahawa wa kukufanya uchepuke njia, tatu ni wa kuufungia safari. Basi. Nyota zile zinapewa kilichomo ndani ya sahani tu. Starehe ya mahali haihesabiwi humo. Wakaguzi wanakuja bila kujitambulisha na wanalipa bili yao kama wewe na mimi. Halafu Tim na Nina Zagat, mtu na mkewe wa New York, walianza mwaka 1979 kukusanya maoni ya marafiki zao, na mwongozo uliozaliwa hapo ukatenganisha alama: chakula peke yake, mandhari peke yake, huduma peke yake, kila moja hadi 30, na makadirio ya gharama pembeni. Ukikutana na 26 ya chakula na 11 ya mandhari unajua unakokwenda, utakula vizuri umekalia kiti kinachoyumba, na uamuzi ni wako. Simu zetu, pamoja na ujanja wake wote, zimeturudisha kwenye namba moja. Zipo programu zinazouliza chakula, huduma na mandhari kila kimoja peke yake, sikatai, lakini inayokodolewa macho ni ile ya juu kabisa.

Na kwa wenye migahawa namba hiyo si mchezo. Michael Luca, mtafiti, akiwa Harvard alichunguza migahawa ya Seattle, Marekani, iliyokuwa kwenye Yelp, programu ya maoni ya wateja, akakuta ongezeko la nyota moja linaleta ongezeko la mapato la asilimia 5 hadi 9. Nguvu hiyo aliiona kwa migahawa inayojitegemea. Ile yenye matawi kila kona haikutikisika, na sababu yake haihitaji profesa, kwani watu wanaijua tayari, hawana haja ya kuulizia. Sasa ziweke asilimia hizo mbele ya meneja anayehesabu mishahara mwisho wa mwezi, kisha ushangae akianza kupata mawazo.

Wa kwetu aliyapata. Mahali fulani nilipofanya kazi, na jina lake silitaji, meneja alituita kabla ya zamu akatuagiza kila mmoja alete nyota tano za ndugu zake kabla ya Ijumaa. Maoni yaliyokuja yalikuwa na harufu moja: "huduma nzuri sana, nitarudi tena", yote ya wiki ileile, na waandishi wake hawajawahi kuandika habari za mahali pengine popote duniani. Baadaye ikaletwa kadi ya kuwekwa ndani ya kijalada cha bili: toa nyota tano, mwoneshe mhudumu simu yako, upate kinywaji bure. Kuna mteja aliyerudisha sahani kwa sababu imepoa, akanung'unika kwa haki yake yote, ilipofika bili akaziweka tano mbele ya macho yangu, akanywa, akaondoka. Nikikumbuka hilo, kila nikiona 4.9 ya mgahawa wenye miezi michache tu huwa naulizia kinywaji kilikuwa kipi. Sheria zimeanza kuwafukuzia wenye mbinu hizi: Marekani tangu Oktoba 2024 inakataza maoni ya uongo na yale yanayonunuliwa kwa sharti la kusifu, na Uingereza nayo imepiga marufuku maoni feki tangu Aprili 2025. Wazee walishasema kizuri chajiuza, ila hawakukutana na kadi za kwenye bili.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha London. Mwaka 2017 mwandishi Oobah Butler alisajili kwenye TripAdvisor, tovuti ya maoni ya wasafiri, mgahawa usiokuwepo, The Shed at Dulwich, na mahali penyewe ni kibanda cha bustanini alichokuwa akiishi. Picha za "vyakula" alizitengeneza kwa povu la kunyolea na vidonge vya kusafishia. Marafiki wakaandika maoni, simu ikaanza kuita, naye kila anayepiga akimwambia samahani, nafasi zimejaa. Ilipofika Novemba kibanda kile kilikuwa namba moja kwa London nzima. Kilichonikaa mimi ni zile simu. Watu wanaambiwa hakuna nafasi, ndipo wanazidi kuutaka. Tulipokuwa na usiku mtupu, meneja wetu alikuwa akiwakalisha wateja wa kwanza dirishani, wapita njia wawaone. Mbinu ni ileile, ya kwetu tu ilikuwa na chakula cha kweli.

Pamoja na yote hayo, maoni nayasoma. Nyota tano na nyota moja nazipita kwa mbali, kwani wa tano anatia chumvi na wa moja amekuja kupigana. Nakaa na wa tatu na wa nne, wale waliokula, wakaridhika kiasi, na bado wana kitu kooni. Huko unakuta sentensi zenye faida: "Tulikuwa wanne, Jumanne mchana, chakula kilifika upesi ila muziki ulitulazimisha kupiga kelele." Mtu huyu amenipa siku, saa, idadi na kero, sina la kumwongeza. Nampima pia kwa maoni yake mengine. Kama kila anakokwenda anakuta chumvi imezidi, tatizo si jiko la mtu.

Lalamiko la kusubiri ndilo linalosomwa vibaya kuliko yote. Likiwa la Jumamosi usiku mimi silisikilizi, na nieleze kwa nini. Ikija meza ya watu 12, wote wanaagiza kwa pamoja, na sahani zao 12 hazina ruhusa ya kutoka moja moja, maana wa kwanza atakuwa amemaliza wa mwisho hajaanza. Kwa hiyo zinapangwa juu ya kaunta ya jikoni, za mwanzo zinafunikwa, za mwisho zinangojewa, na mpishi hagusi oda ya mtu mwingine mpaka msafara huo upite. Wewe uliyekuja na mwenzako mkaagiza dakika mbili baada yao mmeshakwama nyuma ya lori, na mhudumu anayepita mbele yenu bila kuwatazama machoni anajua kabisa kwamba mmekwama. Hayo hutokea penye jiko zuri na penye jiko baya. Lakini lalamiko hilohilo likiwa la Jumanne mchana, limeandikwa na watu tofauti, miezi tofauti, jua ndani hamna watu wa kutosha, au wapo na hakuna anayewaongoza. Hapo siendi.

Majibu ya mwenye mgahawa nayasoma kuliko maoni. Anayejibu "asante kwa maoni yako, tunathamini wateja wetu" kwa kila mtu, hata aliyekuta unywele, huyo hasomi. Anayetukanana hadharani namwogopa. Anayejibu "ni kweli siku ile jokofu letu liliharibika, tulifuta nusu ya menyu" nampa safari yangu.

Kwa upande wa mapendekezo ya mdomo, hayo yana nyota zaidi kwangu, kwa sharti kwamba ninayemwomba ananiuliza maswali kwanza. Wifi yangu hunipigia kila akipata wageni.

"Wifi, Jumamosi tule wapi?"

"Mko wangapi?"

"Sita. Mimi, kaka yako na watu wa kazini kwake."

"Mnakuja kuzungumza au kusherehekea?"

"Kwani kuna tofauti?"

Tofauti ipo, tena kubwa. Wa kuzungumza nawapeleka mahali penye mazulia na mapazia, sauti zinazama, hata kama mpishi ni wa kawaida. Wa kusherehekea nawapeleka penye meza ndefu na mhudumu mcheshi, hata kama kelele inafika barabarani. Simu haijawahi kuniuliza swali hilo. Inanipa namba ileile niwe na bosi au niwe na watoto wa darasa la kwanza. Udhaifu wa mdomo ni kwamba watu husifia mahali walipofurahia wao, na furaha ile pengine ililetwa na walioketi nao. Shemeji mmoja alitusifia mgahawa mwaka mzima, tulipokwenda tukagundua ndipo alipomchumbia mkewe.

Ningeongeza nyota ya nne kama programu hizi zingenionesha jambo moja tu, nalo ni mpishi alipobadilika. Mgahawa unaweza kubaki na jina, kuta na 4.6 yake ya zamani wakati aliyeipata ameshahamia ng'ambo ya barabara. Kwa sasa njia pekee ni kupanga maoni kuanzia ya karibuni na kuangalia kama watu wanaanza kuandika "siku hizi" na "zamani palikuwa". Nikiyaona maneno hayo kwa watu watatu, wastani nausahau.

Na ukiwa mwandishi wewe mwenyewe, nina ombi kutoka upande wa jikoni. Sahani ikija imepoa, mwambie mhudumu ukiwa bado umekaa. Kuipasha au kuibadilisha ni dakika chache, na anayekuhudumia anatamani ungesema kuliko anavyotamani bakshishi yako. Ukinyamaza, ukalipa, ukafika nyumbani ukaandika nyota moja, meneja ataisoma asubuhi kwa sauti mbele ya zamu nzima, na wa kwanza kuulizwa atakuwa yule aliyekuuliza "kila kitu kiko sawa?" ukamjibu "sawa kabisa".