Chupa au mpira wa tenisi juu ya ufito wa bustani?

Ncha ya ufito wa mwanzi unaoegemeza mnyanya ni hatari hasa kwa macho ya anayeinama kupalilia, kwa sababu ukiutazama kutoka juu unaona kiduara kidogo tu, tena chenye rangi ya udongo. Chupa tupu ya plastiki, ikichomekwa mdomo chini kuifunika ncha hiyo, haigharimu kitu na huonekana kwa mbali, ila upepo huing'oa kwa urahisi na jua huikausha hadi ikapasuka. Mpira wa tenisi uliochakaa, ukitobolewa tundu jembamba kidogo kuliko ufito, hushika barabara na kupunguza makali ya pigo, ingawa kuutoboa kwa kisu nako kuna hatari yake. Penye watoto wanaokimbia, mpira unafaa zaidi. Penye fito nyingi za msimu mmoja, chupa zinatosha, mradi zikaguliwe kila baada ya upepo mkali.