Ziwa Ngozi, Rungwe: chukua kijana wa Isongole, achana na pakeji za mjini

Watu wengi wakija Mbeya wanapita tu kwenda Tunduma, au wanashuka Matema kuogelea, ukimwambia mtu kuna ziwa juu ya mlima pale Rungwe anakuuliza ziwa gani tena hilo. Ngozi jamani. Nimeenda mara mbili mwaka huu na safari zenyewe zilikuwa mbingu na ardhi, ndo maana naandika.

Mara ya kwanza tulichukua pakeji kwa jamaa mmoja wa mjini, jina silitaji, tukalipa hela ndefu tukaambiwa kila kitu kimo, usafiri, msosi na mtu wa kutuongoza. Kufika Isongole, kijiji cha barabarani unapoanzia kupanda, dereva kasimamisha gari kwenye lami akasema njia ndo hiyo mtapanda tu. Mwongozaji hakuna, msosi wenyewe soda moja moja na biskuti, tukaingia msituni peke yetu tukapotelea kwenye vijinjia vya wakata kuni mpaka saa nane mchana tukageuza bila kuliona ziwa hata kwa mbali. Mdogo wangu alilia njia nzima. Mimi iliniuma kwa sababu ile hela niliidunduliza.

Mara ya pili sikutafuta mtu wa mjini. Tulipanda gari za Tukuyu pale Uyole, Mbeya mjini, alfajiri, tukashuka Isongole, nikamsalimia mama mmoja anauza viazi pembeni ya barabara nikamuuliza mama, nani hapa anapandisha watu Ngozi, akapaza sauti kuelekea nyuma ya nyumba na dakika kumi hazikuisha akaja kijana kavaa buti za mvua, panga mkononi. Tukapatana bei palepale, haikufika hata robo ya ile ya mwanzo. Bodaboda ikatusogeza mpaka msitu unapoanzia, kutoka hapo ni miguu.

Kupanda ni kama saa moja na nusu kwa mwendo wetu na mwisho mwisho kunasimama kweli, unashika mizizi kwa mikono. Kijana alikata fimbo za mianzi, akapima ya mdogo wangu kwenye bega lake, akaipunguza kidogo, akalainisha pale pa kushikia kwa ncha ya panga ili isimchome kiganja. Kitu kidogo lakini nilijua hapa tuko na mtu anayeijua kazi. Kila penye utelezi alikuwa anasimama chini yetu, siyo juu, ili mtu akiteleza amdake. Na alijua migomba pori, alijua nyani wanapita wapi, yani msitu kwake ni uani.

Juu tulikuta ukungu mtupu. Mimi nikaanza kukata tamaa, akasema dada subirini, likiamka mtaliona. Tukakaa kimya kama nusu saa, akatusimulia kwamba wazee wanasema ziwa hili zamani lilikuwa kijiji cha Masoko, hukohuko Rungwe, watu wakalichoka, wakachoma jiwe mpaka likawa jekundu wakalitupa majini, ziwa likakimbilia huku. Hajamaliza, ukungu ukapasuka. Ziwa liko chini kabisa, mita kama 200, limezungushiwa kuta za msitu pande zote, maji ya kijani kama yametiwa maziwa, hakuna mto unaotoka humo. Mdogo wangu alinishika mkono hakusema kitu. Nilisahau hata kupiga picha.

Tuliporudi barabarani tulikula viazi vya moto vya yule mama, halafu tukaenda Daraja la Mungu, jiwe la volkano limejijenga lenyewe juu ya mto Kiwira, na Kijungu ambako mto huohuo unamezwa kwenye shimo kama chungu. Viko jirani na chuo cha Magereza, ni kupita tu, nusu saa inatosha.

Kilichonikera safari hii ni chupa za plastiki pale juu kwenye ukingo, nyingi. Kijana alijaza mfuko mzima akashuka nao, hakuna aliyemtuma wala kumlipa kwa hilo. Tulimwongezea kidogo akasema ndaga fijo, yani asante sana kwa Kinyakyusa, nikaona aibu kwa niaba ya waliozitupa.

Kwa hiyo huduma ya yule kijana nyota tano, ile pakeji hata moja siwezi kuipa. Nenda kati ya mwezi wa sita na wa kumi, Rungwe mvua zake siyo za kawaida na masika ile njia inakuwa sabuni. Beba sweta, viatu vyenye meno na maji, juu hakuna duka. Na msichelewe kushuka, gari za jioni zinatoka Kyela zimeshajaa, sisi tulisimama mpaka Uyole.