Boti tatu, watu 22 na bamvua ambalo hakuna aliyeliulizia: uzoefu wangu wa msafara wa Dar hadi Kilwa

Sisi ni watu tuliosoma sekondari moja Dar es Salaam, na mwaka jana wengi wetu tulikuwa tunatimiza miaka 50. Mambo ya kukodi ukumbi na kula pilau kwenye viti vyenye riboni tulishayachoka. Mwenzetu mmoja anayeishi Muscat akatupa wazo: tukodi boti, tushuke visiwani, Mafia, Songosongo, tumalizie Kilwa. Siku sita. Mimi ndiye mweka hazina wa kikundi, kwa hiyo ndiye niliyepiga simu, ndiye niliyelipa, na ndiye niliyenuniwa mambo yalipoharibika.

Kampuni sitaitaja, maana mwishoni tulimalizana kiungwana. Walitupa boti kubwa moja ya dizeli yenye vyumba vinne, na boti mbili za faiba zenye injini mbilimbili za petroli. Kila mtu alitoa milioni 2.4, nusu kabla, nusu siku ya kuondoka. Humo kulikuwa na mafuta, chakula, mabaharia, na kulala: wanane botini kwa zamu, waliobaki gesti au mahemani.

Vyombo vyenyewe sina la kulaumu. Wiki moja kabla nilikwenda kukagua, nikaomba cheti cha kila boti kutoka TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, nikaletewa bila kuzungushwa. Nikayahesabu maboya ya kuvaa moja moja, yule kijana wa ofisini ananitazama kama mama mkwe aliyekuja kukagua jiko. Yalikuwa 30. Orodha ya majina yetu waliipeleka bandarini kabla hatujang'oa nanga, na nakala moja wakaniachia. Wengine mtaona ni vitu vidogo. Mimi tangu ajali ya meli ya Septemba 2011 kule Zanzibar siingii chomboni bila kujua majina yetu yameandikwa wapi. Na mpishi! Pweza wa nazi alioupika siku ya tatu, huku boti inalala upande huu na upande ule, bado unatajwa kwenye kundi letu la WhatsApp hadi leo.

Tatizo lilikuwa karatasi ya ratiba. Ukurasa mmoja, picha nyingi kuliko maneno. Yule kijana aliniambia kwa majivuno, "Dada, tarehe hizi nimewachagulia mimi mwenyewe. Mwezi mpevu. Mtalala juu ya maji na mbalamwezi." Tukafurahi, wengine wakatuma vikopa. Katika watu 22 tulikuwa na wahandisi wawili, daktari, na meneja wa benki, na hata mmoja hakuuliza mwezi mpevu unaifanya nini bahari.

Tuliondoka Dar saa tatu asubuhi badala ya saa moja, kwa sababu petroli ya boti ndogo ilichelewa kuletwa. Kutoka Dar hadi Kilindoni, Mafia, ni kama maili za bahari 75. Msimu ulikuwa mzuri sana: kusi imekwisha, kaskazi haijaanza, yale maleleji ya mwezi wa kumi na moja ambapo bahari inakuwa kama imepigwa pasi. Tulipopita Ras Kimbiji boti za faiba zikaanza kushindana. Zile zina uwezo wa noti 20, yaani maili za bahari 20 kwa saa, boti kubwa inatembea noti 12 na haitaki ugomvi. Baada ya saa moja na nusu hatukuziona tena. Redio walizopewa ni zile za mkononi, ambazo zikiwa chini karibu na maji hazifiki mbali, na moja ilikuwa haijachajiwa. Nahodha wetu akaita chaneli 16, ile ya kuitana baharini, akaita tena, kimya. Simu nazo zilikuwa zimeshapoteza mtandao. Boti za faiba tulizikuta zimesimama upande wa delta ya Rufiji, pale maji yanapogeuka rangi ya chai ya maziwa, moja imegusa fungu la mchanga na nyingine inazunguka zunguka kama kuku aliyepoteza vifaranga. Hakuna aliyeumia. Saa moja na nusu iliteketea hapo.

Kilindoni tukafika saa kumi na moja jioni, maji yamejaa pomoni. Kila mtu akasahau ugomvi. Boti za faiba zikasogea hadi karibu kabisa na ufuko, tukashuka maji yanatufika magotini, mabaharia wakafunga kamba, tukapanda mjini kula. Saa nne usiku tukarudi.

Bahari haikuwepo. Nasema kweli. Mwezi umejaa, unaangaza kila kitu, na mbele yetu ni uwanja wa mchanga na matope unaong'aa hadi mbali, na boti zetu mbili zimelala ubavu juu yake. Boti kubwa ilikuwa huko kwenye kina, taa yake ndogo kama sigara. Waliotakiwa kulala humo, mimi nikiwemo, tulijaribu kutembea. Hatua kama mia moja hivi kandambili yangu ya kulia ikabaki chini, nikaingiza mkono hadi kwenye kiwiko kuitafuta, nikatoa kandambili ya mtu mwingine. Tukageuka. Tulilala gesti watu watatu kitandani, na malipo yake nilitoa mfukoni mwangu.

Asubuhi mwenye gesti alituletea mjomba wake, mzee wa Jibondo, kile kisiwa cha mafundi wa vyombo. Tukamwamkia, akaitikia, akaziangalia boti zetu, akauliza swali moja: "Nani kawachagulia bamvua?"

Nahodha wetu, kijana mwenye vyeti vyote, akainama. Baadaye aliniambia alijua tangu mwanzo, ila tarehe zilikuwa zimeshauzwa.

Kwa asiyejua, kama mimi wakati ule: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanajaa sana na yanatoka sana. Hilo ndilo bamvua. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, kujaa na kupwa kunakuwa kwa adabu. Na pwani yetu siku za bamvua maji hujaa alfajiri na alasiri, yakapwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Maana yake ukiwa na boti ya kwenda chini mita moja na robo, nusu ya milango ya visiwa hivi, yaani njia za maji za kupita, imefungwa wakati wa wewe kunywa chai. Na ile iliyo wazi ina mkondo wa kukupotezea usukani.

Tulikubaliana na mzee hapohapo, laki moja kwa siku na chakula, akapanda. Haikuwa kwenye kifurushi. Ndiyo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuzipanga boti. Boti nzito ikae mbele, nyepesi nyuma yake, kila moja imwone mwenzake kwa macho, si kwa redio. "Mwendo ni wa yule mzito," akasema, na vijana wa faiba wakanywea. Basi. Hilo tu, na toka hapo hatukupotezana tena.

Potwe tuliwaona asubuhi hiyo mbele ya Kilindoni, wawili. Huyu ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani na chakula chake ni vidudu visivyoonekana. Mafia wanaonekana zaidi kuanzia mwezi wa kumi hadi wa tatu. Mabaharia walizima injini mapema, wakatuonya tusiguse, wakatuingiza majini wachache wachache. Hapa kampuni napaswa kuisifu, nimeona boti nyingine siku hiyohiyo ikimfukuza samaki kama polisi wa usalama barabarani.

Alasiri maji yalipojaa mzee akatuzungusha Ras Kisimani, tukapita ndani hadi ghuba ya Chole. Pale mko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini, ilianzishwa 1995. Ada inatozwa kwa kila mtu kwa kila siku hata kama mmeingia kwa bahari, na kwenye kifurushi chetu haikuwemo, ingawa kwenye karatasi palikuwa na maneno "gharama zote". Nikalipia watu 22 kwa simu, nimesimama kwenye jua kijijini Utende. Ulizeni hili mapema. Ulizeni kwa maandishi.

Siku mbili za Chole sitazieleza sana, zilikuwa nzuri tu. Kwenye kisiwa cha Juani tulitembea magofu ya mji wa Kua, mibuyu imekaa katikati ya nyumba za watu kama imerithi.

Kuondoka ndiko kuna hadithi. Ratiba ilisema tutoke kwenye ghuba kwa mlango wa Kinasi saa moja na nusu asubuhi. Mzee akasema hapana. Nahodha akajaribu kumbembeleza, "Mzee wangu, upepo hakuna." Akamjibu, "Upepo sijautaja." Akatuchukua wanne kwa boti ndogo hadi karibu na mlango tukaangalie. Maji ya ghuba yalikuwa yanatoka kupitia uwazi ule, na mawimbi marefu ya bahari kuu yanaingia kwa kukutana nayo. Pale yanapokutana maji yalikuwa yanasimama wima, meupe, hayaendi mbele wala nyuma. Tukasogea kidogo zaidi, boti ikaanza kuvutwa na injini iko gia huru. Nikasema imetosha, turudi. Karibu na saa sita mchana tukapita palepale na boti zote tatu: maji yamesimama, meneja wa benki anapiga picha.

Halafu mafuta. Kampuni ilikuwa imepiga hesabu ya maili tu, kama barabara ya lami. Lakini pwani yetu ina mkondo mkubwa unaokwenda kaskazini mwaka mzima, na sisi tulikuwa tunashuka kusini, kwa hiyo tuliupanda mkondo. Ongeza mashindano ya siku ya kwanza. Tulipofika Songosongo, boti moja ya faiba ilikuwa inanusa tangi. Na hapa ndipo nilipocheka peke yangu. Songosongo ndicho kisiwa ambacho gesi yake iligunduliwa 1974 na tangu 2004 inaletwa Dar kwa bomba kuzalisha umeme. Friji yangu Dar inagandisha kwa gesi ya hapo. Na sisi tumesimama ufukweni tunazunguka kwa wavuvi tukiomba petroli ya kununua kwa madumu. Tulipata manne, ya lita 20, kwa bei ambayo wavuvi waliona aibu kidogo kuitaja. Yalitosha kuifikisha Kilwa Masoko, maili kama 25, kwa mwendo wa harusi.

Swali ambalo ningemuuliza yeyote anayepanga msafara kama huu ni hili: mafuta ya kwenda theluthi, ya kurudi theluthi, na theluthi ya tatu ikae haijaguswa, mnayo? Kama jibu ni "usijali, dada", basi anza kujali.

Kilwa ilitufuta machozi. Vibali vya kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale, vilikuwa tayari Masoko, mtembezaji anatusubiri gatini. Hili kampuni walilipanga vizuri na nashangaa kwa nini akili hiyo haikufika kwenye mafuta. Tulisimama kwenye msikiti mkuu, nguzo na kuba zake, kisha jumba la kale la Husuni Kubwa juu ya jabali, na lile birika la pembe nane linaloitazama bahari. Ibn Battuta, yule msafiri wa kale kutoka Morocco, alifika mji huu mwaka 1331. Mwenzetu wa Muscat akauliza, hivi yeye alikuja kwa mwezi wa siku ngapi? Tukacheka mpaka mtembezaji akatungojea.

Kurudi, kumi na mbili kati yetu tulipanda basi Kilwa hadi Dar. Kumi waliobaki walirudi kwa bahari na wanasema mkondo uliwasukuma vizuri, wamefika mapema kuliko walivyotarajia. Nawaamini, ila mgongo wangu ulishapiga kura.

Baada ya safari kampuni ilinitumia bili ya mafuta ya nyongeza. Nikawatumia ratiba yao, saa waliyochelewa kuondoka Dar, risiti ya gesti ya Kilindoni, na siku nne za mzee wa Jibondo. Mkurugenzi alipiga mwenyewe, hakubishana, akafuta bili na kuahidi kurudisha laki nane na nusu. Kwa hiyo ukiniuliza nyota, natoa tatu. Vyombo nyota tano, mpishi tano, upangaji moja, na moja hiyo ni ya vibali vya Kilwa.

Ningekodi kwao tena? Ndiyo, ila tarehe nitawapa mimi, maji mafu, na rubani wa bahari wa kule kule, kama yule mzee, apande tangu Dar, jina lake liwe kwenye mkataba.

Hela iliingia wiki ya tatu. Kikundi kilikubali nusu yake tumpelekee mzee. Alipopiga kushukuru hakusema mengi, aliuliza tu safari ijayo ni lini, na mwezi utakuwa wa siku ngapi.