Argparse ya Python: bado naipa nafasi ya kwanza, ila ogopa type=bool

Jamani kama unaandika skripti za Python za kwenye terminali na bado unachambua sys.argv (orodha ya maneno mtu aliyoandika akiita skripti) kwa mkono, if juu ya if, acha leo hii uhamie argparse, moduli ya Python inayokusomea hayo maneno. Mi naitumia karibu kila skripti ya kazini na sioni sababu ya kuiacha, kwanza husakinishi chochote, inakuja ndani ya Python yenyewe tangu 2.7 na 3.2, kwahiyo hata kwenye seva isiyo na intaneti unaweka faili lako la .py na linapiga kazi, hamna cha pip (kisakinishi cha Python) wala nini.

Unaandika add_argument('faili'), hiyo lazima mtu aijaze. Unaandika add_argument('--idadi', type=int, default=10), hiyo hiari, halafu parse_args() inamaliza mengine. Mtu akipiga --idadi kumi inagoma palepale, inamwambia hiyo thamani sio int (namba kamili) na programu inatoka na kodi 2, yaani namba ya kuonyesha kosa, kwahiyo kama umeiweka ndani ya skripti ya bash, bash inajua mambo yamekwama kabla hata rekodi moja haijaguswa. Na -h, ya kuonyesha msaada, unapewa bure kabisa! Maelezo ya help= andika Kiswahili tu, mtu wa stoo anasoma anaelewa, japo vichwa kama usage na options vitabaki Kiingereza.

Sasa tatizo, na hili naliona kubwa kweli. Tuseme una skripti ya kuwakumbusha wateja madeni kwa meseji, ukaweka add_argument('--tuma', type=bool). Mtu anataka kujaribu tu, anaandika --tuma False. Meseji zinaenda zote! Kwa sababu argparse inachukua lile neno "False" inalipeleka kwenye bool(), ya kugeuza kitu kuwa True au False, na kwa Python maandishi yoyote yasiyo matupu ni True, basi, na erori huoni hata moja. Tumia action='store_true', hapo ukiandika --tuma inakuwa True, usipoandika inabaki False, au kama una Python 3.9 kwenda juu weka action=argparse.BooleanOptionalAction, hapo unapata --tuma na --no-tuma zote mbili. Kwa kweli type=bool ingetakiwa ikatae au angalau itoe onyo, watu wengi wanaoanza wanaiandika hivyo hivyo.

Kingine ni kufupisha. Una --tuma-ripoti, mtu kwenye cron yake (ratiba ya kuendesha skripti zenyewe) kaandika --tuma tu na inakubali, yeye anajua ndo jina lenyewe, mwezi ujao unaongeza --tuma-barua na cron yake inakufa maana --tuma sasa inaangukia mbili. Weka allow_abbrev=False mapema kwenye ArgumentParser, ipo tangu 3.5.

Ukitaka komandi ndogondogo kama git ilivyo na commit na push, kuna add_subparsers, nzuri sana, ila ipe dest (jina la kuhifadhia komandi iliyochaguliwa) na required=True, bila hivyo mtu akiita programu bila komandi yoyote argparse inampitisha tu.

Naipa nyota nne kati ya tano. Click na Typer, maktaba nyingine za kazi hii hii, nazo tamu, kodi inakuwa fupi na safi, ila hizo lazima uzisakinishe kila mashine, na kwa skripti ya faili moja inayozunguka kwenye flashi huo ni usumbufu wa bure.